Kuchangia matengenezo ya njia yetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mwekahazina wa kamati ya njia huku kwetu, kwenye vilima vya kati ya Goba na Madale, Dar es Salaam. Njia yenyewe haina jina. Dereva wa boda ukimwambia "pale kwenye mwembe, ingia kulia", anafika. Ni ya udongo, mita 400 hivi kutoka barabara kubwa hadi geti la mwisho, na sijaona masika yakipita bila kuimega. Maswali yaliyopo hapa nimeulizwa yote, mengine saa nne usiku, mengine msibani. Nimejibu kwa yale tuliyoyafanya na yale tuliyoyakosea. Mtaa wenu una mteremko wake na watu wake, kwa hiyo chukueni yanayowafaa.

Kwa nini tuchange? Hii si kazi ya serikali?

Inategemea njia ni ipi. TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, wana barabara kuu na za mikoa. TARURA, wakala mwingine wa serikali ulioanza mwaka 2017, wana barabara za mijini na vijijini zilizo kwenye orodha yao. Njia nyingi za pembezoni mwa Dar hazimo popote. Zilizaliwa siku mtu alipokatakata shamba lake la mikorosho, akauza viwanja vya ishirini kwa ishirini, na njia akaiacha kwa kukadiria kwa macho. Hakuna aliyeandika ni ya nani.

Jirani mmoja huniambia kila mwaka kwamba yeye barabara ameshailipia kwenye sheli. Hajakosea. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Ila fedha hiyo inafuata orodha, na sisi hatumo. Tumeandika barua, tumegongewa mhuri wa kupokelewa, tunasubiri. Wakati tunasubiri, gari la wagonjwa lazima lifike kwa mama aliye geti la mwisho.

Na kodi ya jengo ninayokatwa kwenye Luku nikinunua umeme?

Hiyo ni kodi ya jengo. Imehamia kwenye Luku tangu 2021, lakini haikupi madai ya tripu ya moramu, ule udongo wa kokoto wa barabara, mbele ya geti lako. Naijua hasira yake, mimi pia nakatwa.

Nitajuaje kama njia yetu ni ya umma au ni yetu?

Anza kwa mtendaji wa mtaa. Kama eneo lenu limepita kwenye urasimishaji wa makazi, kuna ramani ya mipango miji, na njia zilizochorwa humo ni za umma: hakuna wa kuzijengea ukuta, hata kama mwembe ulio katikati alipanda babu yake. Baada ya hapo nenda ofisi ya TARURA ya wilaya uulize kama njia imo kwenye mtandao wao. Kama imo, msiiguse na greda bila ruhusa yao. Hata tuta la kupunguza mwendo msiweke.

Kama haimo kwenye ramani wala kwenye orodha, mnapita kwa hisani na mazoea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya kupita kwenye ardhi ya mwingine, lakini haki iliyoandikwa na kusajiliwa ina nguvu kuliko ile ya "tumepita hapa tangu zamani". Kabla hamjamwaga hata tripu moja, pateni maandishi kutoka kwa mwenye kila kipande ambacho njia inapita, yashuhudiwe na serikali ya mtaa. Kuna mtaa jirani walimwaga moramu, wakapongezana, na mwaka uliofuata mwenye eneo akaleta tofali. Njia waliyoitengeneza leo ni uwanja wa nyumba yake, tena umeshindiliwa vizuri.

Achangie nani, mwenye nyumba au mpangaji?

Kazi kubwa, kama moramu, greda na kalavati, ni ya mwenye nyumba, kwa sababu inabaki kwenye thamani ya mali yake. Kazi ndogo ya kila mwezi, kama kufyeka, kuzibua mtaro na kuziba shimo, anachangia anayeishi. Kwenye nyumba za vyumba vya kupanga tunahesabu geti, si vyumba. Tulijaribu kuhesabu vyumba. Tulichopata ni wapangaji wanane wasiofungua mlango na mwenye nyumba anayesema hao ndio wenye barabara.

Kiwanja changu ni kitupu, na mimi niko Mwanza. Nichangie nini wakati sipiti?

Nusu. Hupiti, ni kweli, ila siku utakayotaka kuuza, dalali ataanza na maneno "gari linafika mpaka mlangoni". Nusu hiyo ilipendekezwa na mwenye kiwanja kitupu mwenyewe, na hakuna aliyeigomba. Walio nje ya nchi, kwa taarifa yenu, ndio wanaolipa mapema kuliko wote. Wanachodai ni picha, tena picha yenye kitu cha kuonyesha tarehe.

Tugawane vipi? Sawa kwa sawa?

Hapa ndipo kikao chetu cha kwanza kilivunjika, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Chukua njia ya mita 400, upana wa mita nne, mnataka tabaka la moramu la sentimita 10 likishashindiliwa. Hiyo ni mita za ujazo 160. Moramu iliyomwagwa ni nyepesi na hunywea inaposhindiliwa, kwa hiyo zidisha kwa 1.3, unapata kama 208. Tipa la mita za ujazo 10 litapiga tripu 21. Sasa tuweke bei za mfano, maana za kweli hubadilika kila msimu: tripu shilingi 200,000, jumla 4,200,000. Greda pamoja na trela la kulileta 1,600,000. Rola 900,000. Boza la maji 300,000. Vibarua na mitaro 1,000,000. Jumla milioni nane.

Kaya 20 zikigawana sawa, kila moja 400,000. Rahisi, na kila mtu anaweza kuikagua kichwani. Wa mwanzo wa njia atakataa. Geti lake liko mita 30 kutoka lami, mageti mengine hata hajawahi kuyaona. Ana haki.

Njia ya pili ni kugawa barabara vipande. Tufanye vinne vya mita 100, kila kimoja kinagharimu milioni mbili, na kila kimoja kina kaya tano. Kila kipande kinalipiwa na wale tu wanaokipita. Kipande cha kwanza wanapita wote 20, kila mmoja 100,000. Cha pili wanapita 15, inakuja 133,333. Cha tatu wanapita 10, ni 200,000. Cha mwisho wanapita watano peke yao, 400,000 kila mmoja. Ukijumlisha, kaya ya mwanzoni inalipa 100,000, ya kipande cha pili 233,333, ya cha tatu 433,333, na ya mwisho kabisa 833,333.

Kwa karatasi hii ndiyo haki kamili. Ukiisoma kikaoni, wale watano wa mwisho wananyamaza, na kimya chao ni kibaya kuliko kelele. Walinunua kule mwisho kwa sababu ndiko walikomudu. Tena maji yanayoharibu kipande chao yanatoka kwenye mabati ya walio juu.

Tuliyoikubali mwishoni ilitoka kwa mzee wa kona, mwalimu mstaafu, aliyekuwa amekaa anachora na kijiti mchangani. "Chukueni nusu ya hii na nusu ya ile." Nusu ya gharama, milioni nne, inagawanywa sawa: 200,000 kila kaya. Nusu nyingine inagawanywa kwa vipande. Wa mwanzoni analipa 250,000, wa pili 316,667, wa tatu 416,667, wa mwisho 616,667. Hakuna aliyefurahi, na ndiyo maana ilipita. Nashauri mtaa wowote uanze na hesabu hii, kisha mvutane kuhusu kiwango cha hiyo "nusu".

Jambo moja nililojifunza: hesabu ya kugawana ikubaliwe kabla bei haijajulikana. Bei ikishatajwa, kila mtu anatafuta kanuni inayompunguzia yeye.

Mwenye magari matatu asilipe zaidi ya mwenye baiskeli?

Tulifikiria, tukaacha. Magari madogo hayaharibu njia kiasi unachodhani. Kuna majaribio makubwa yaliyofanyika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, malori yakizungushwa kwenye barabara za kupimia mchana na usiku. Kilichoonekana ni kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu unaongezeka kama mara 16. Ilikuwa lami na zege, lakini udongo wetu hauna huruma zaidi. Tipa moja la mchanga hufanya kazi ambayo gari lako dogo halitaifanya mpaka litakapouzwa skrepa.

Kwa hiyo tuliacha kuhesabu magari ya watu, tukaanza kuangalia nani anaita malori.

Anayejenga je?

Analipa mchango wake wa kawaida, halafu anaweka dhamana kabla ya tripu ya kwanza ya mchanga. Kazi ikiisha tunatembea naye njia nzima, tunalinganisha na picha za mwanzo. Asipoharibu anarudishiwa yote. Akiharibu tunatengeneza, na kinachobaki anarudishiwa. Wengi wanakubali ukiwaeleza kwa adabu siku wanachimba msingi. Ukisubiri hadi wapaue, umechelewa.

Na malori yasiingie siku ya mvua wala kesho yake. Hili tumelibandika kwenye mwembe. Anayelisoma ni fundi, anayelipuuza ni dereva.

Jirani ana kisima na anauzia maboza. Tufanyeje?

Swali hili limetusumbua miaka miwili. Boza la lita 10,000 limebeba tani kumi za maji peke yake, bila kuhesabu chuma, na kwenye ukame yalikuwa yanaingia hata sita kwa siku. Huwezi kumwambia mtu afunge kisima wakati na wewe mabomba yakikauka unakimbilia kwake na madumu.

Tulikwenda watu watatu, jioni, bila karatasi. Alituwekea viti, tukaongea habari za watoto nusu saa nzima kabla ya kufika kwenye jambo. Tulipofika, akasema mwenyewe: "Nitatoa kwa kila boza." Kiasi kidogo kwa boza, kinaandikwa kwenye daftari la mlinzi wake, kinaletwa kila mwisho wa mwezi. Mwaka wa kwanza kililipia boza la kumwagia moramu na rola. Tungempelekea barua ya kamati yenye mhuri, naamini leo tungekuwa Baraza la Kata.

Tulimwaga moramu mwaka jana na yote imeondoka. Tuliibiwa?

Pengine. Ila kabla ya kumtuhumu mtu, subiri mvua ije uchukue mwavuli ukaitembee njia yenu. Gari hulegeza udongo, maji ndiyo yanayoubeba. Ukiona maji yanatiririka katikati ya barabara kama mto, hata mkimwaga tripu hamsini, mnawapelekea zawadi wa bondeni.

Njia ya udongo inatakiwa iwe na mgongo: katikati pawe juu, pande zote ziteremke. Kwa upana wa mita nne, katikati panyanyuke kama sentimita 10 kuliko ukingo. Ni urefu wa kiganja, lakini ndio unaoamua. Siku greda linamaliza, kabla hamjamlipa opereta, mwage ndoo moja ya maji katikati ya njia. Maji yakikimbilia mtaroni ndani ya muda wa kuhesabu hadi kumi, lipa. Yakisimama, au yakifuata njia ya tairi, mwambie arudie, greda likiwa bado linaunguruma. Mwaka wetu wa kwanza greda lilisawazisha barabara ikawa kama meza. Tukapiga picha, tukapeana mikono, na mvua ya kwanza ya vuli ikaigeuza bwawa, bata wa jirani wakawa wanapiga mbizi mbele ya geti langu.

Cha pili ni kushindilia. Moramu kavu haishiki. Chota kiganjani, ifinye: ikitengeneza donge lisilomeguka na lisiloacha maji mkononi, lete rola. Ikimwagika kama unga, lete boza kwanza. Ikitoa tope kati ya vidole, mmezidisha, subirini kesho.

Maji ya mtaro yaende wapi?

Hapa ndipo ugomvi wa kweli ulipo. Kuhusu pesa tumenuniana. Kuhusu maji watu waliacha kusalimiana.

Kila mtu anataka mtaro, na kila mtu anataka uishie kwa mwenzake. Kwetu maji ya mabati kumi na mawili yalikuwa yanaelekezwa kwenye kona moja, yanaingia kwenye bustani ya mama mmoja mjane, yanatokea upande wa pili na mchicha wake. Alilalamika kikao cha kwanza, cha pili na cha tatu. Sisi tulikuwa tunajadili bei ya tripu.

Tulichofanya baadaye: kila geti jipya liwe na bomba la kalavati chini ya kivuko chake, kwa gharama ya mwenye geti, na lisiwe jembamba kuliko bomba la geti lililo juu yake kwenye mteremko. Kivuko cha kifusi kilichozibwa kinasukuma maji yote yarudi barabarani. Mabati yote yawekewe mfereji unaoingia kwenye tenki au shimo la kunyonya maji, si geti la jirani. Mtaro tukaufikisha hadi kwenye korongo la asili, tukaupangia mawe kila baada ya hatua chache kwenye mteremko mkali ili maji yapunguze kasi. Kwa yule mama, kamati ilijenga ukuta mdogo wa mawe kwa fedha ya wote, naye akaondolewa mchango wa mwaka huo. Kuna waliosema tumempendelea. Hao hawakuona sebule yake siku maji yalipoingia.

Kuna mtu anabomoa nyumba na anatoa kifusi bure. Tukichukue?

Kwa shimo kubwa chini, ndiyo, mkiponda vipande na kufukia juu kwa moramu. Kwa kutandaza juu, hapana. Misumari, vigae, nondo. Mliyookoa kwenye tripu mtayapeleka kwa fundi pancha.

Nitajuaje moramu nzuri?

Iwe na kokoto ndogondogo nyingi na udongo wa kuzishika, usizidi. Lowesha kidogo, uviringishe kati ya viganja. Ikitoka uzi mrefu kama wa mfinyanzi, mvua ikija njia itakuwa sabuni. Isiposhikana kabisa, kiangazi itakuwa vumbi na makunyanzi yanayotikisa meno. Nendeni wawili mkaione machimboni. Sampuli anayowaletea dereva kwenye mfuko wa rambo huwa nzuri siku zote.

Tunaambiwa tripu 21. Tunahakikishaje zimefika 21?

Mweke mtu kwenye mdomo wa njia na daftari, anaandika namba ya gari na saa, na anapanda kuchungulia ndani ya bodi. Bodi pimeni wenyewe kwa futi ya kupimia kabla ya tripu ya kwanza: urefu, upana, kimo. Tumewahi kuuziwa tipa "la mita kumi" ambalo tulipolipima lilitoa mita za ujazo saba na nusu. Tumewahi pia kuona lundo lililoinuka pembeni na shimo katikati kama sahani ya ugali uliochotwa. Na kuna mwaka tipa moja liliingia, likazunguka nyuma ya mwembe, likatoka na mzigo wake, likaingia tena. Aliyeliona ni mtoto wa darasa la nne aliyekuwa anachunga mbuzi. Dereva alipoulizwa alisema amepotea njia. Njia yenyewe ni moja.

Wakati gani mzuri?

Masika yakishaisha, mwezi Juni. Ardhi bado ina unyevu wa kusaidia kushindilia, magari ya moramu yanafika, na mna miezi ya njia kujikaza kabla vuli haijaanza Oktoba. Tatizo ni kwamba Juni hakuna anayekumbuka tope. Ukichangisha Aprili watu wanalipa wakiwa wamekunja suruali, kwa hiyo sisi tunachangisha Aprili na kufanya kazi Juni.

Asiyelipa tumfanyeje?

Kwanza yasiyofaa. Msimzibie njia. Kumfungia mtu mapito kunawageuza ninyi kuwa washtakiwa, na siku nyumba yake ikishika moto, gari la zimamoto mlilolipigia 114 litasimama kwenye kizuizi chenu wenyewe. Msiache shimo mbele ya geti lake, kwa sababu shimo halina adabu, linakula na upande wa jirani. Wala msibandike jina lake kwenye kundi la WhatsApp. Tulifanya hivyo mara moja. Aliyetajwa alijiondoa, akaondoka na mke wake, shemeji yake na mpangaji wake, na mpaka leo hao wanne hatujawapata.

Kinachosaidia ni kumfuata. Mara nyingi asiyelipa ana sababu ambayo hakuisema hadharani: kazi imesimama, kuna mgonjwa, au aliwahi kuchanga kamati iliyopita na hakuona hesabu. Huyo wa mwisho mpe daftari alisome. Wengine tumewagawia kwa miezi sita.

Aliyeamua tu kutolipa hana mtu wa kumlazimisha kama hakutia saini makubaliano. Aliyetia saini anaweza kupelekwa kwa usuluhishi serikali ya mtaa. Mgogoro ukiwa wa ardhi yenyewe, mtu amezuia njia au ameisogelea, upelekeni Baraza la Kata. Tangu 2021 Baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui, na likishindwa mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa deni la mchango sijaona mtaa uliofika huko na kufaidika.

Kwenye bajeti tunaweka asilimia 15 ya wasiolipa tangu mwanzo. Kaya 20, tatu hazitalipa kwa wakati. Ukijua hivyo, hununi.

Na asiyeweza kweli?

Analeta mikono. Kwetu upareni tunaita msaragambo: asubuhi ya Jumamosi kila kaya inatoa mtu na jembe kuzibua mitaro. Aliyetoa siku tatu za kazi tunamwandikia thamani ya kibarua kwenye daftari, safu ile ile ya pesa. Anayepika chai na mihogo ya wanaochimba naye ameandikwa. Asisomwe kama msamaha, asomwe kama mchango, maana ndivyo ulivyo.

Pesa zikae wapi?

Zisikae kwenye simu ya mwekahazina. Nasema hivi mimi mwenyewe mwekahazina. Mwaka wa kwanza zilikaa kwangu, na nilikuwa naamka usiku kuangalia salio. Siku moja mama mkwe alilazwa ghafla, na nilijua kabisa kwamba zile fedha zipo na ninazifikia. Sikuzigusa, ila kesho yake niliomba kikao. Sasa zipo kwenye akaunti ya benki ya watu watatu, wawili wakisaini ndipo zinatoka, na watu wanalipa kwa simu moja kwa moja. Kila malipo nayaweka kwenye kundi siku hiyo hiyo: picha ya risiti, kiasi, salio. Salio ndilo wanaloliangalia, risiti hakuna anayefungua.

Msikopeshane fedha ya barabara. Mkianza kukopeshana mmekuwa kikundi cha fedha, na vikundi hivyo vina sheria yake ya mwaka 2018 na usajili wake.

Greda limekata bomba la maji. Nani analipa?

Kwetu mabomba mengi ya kuingia nyumbani yamefukiwa kina cha kiganja. Wiki moja kabla, kila kaya iweke kijiti chenye kitambaa chekundu pale bomba lake linapovuka njia. Bomba lenye kijiti likikatwa, analipa mwenye greda, na hili liandikwe kwenye makubaliano yake. Lisilo na kijiti analipa mwenye bomba. Bomba kubwa la mamlaka ya maji, waiteni mafundi wao waje waonyeshe linakopita kabla ya kazi.

Si bora tuweke pevingi au zege tumalize?

Kama uwezo upo, na maji yameshapewa njia, wekeni. Pevingi juu ya udongo usioshindiliwa huzama kwenye njia za tairi ndani ya msimu mmoja. Sisi tulichomudu ni pale kwenye mlima mkali tu: mistari miwili ya zege, kila mmoja upana wa sentimita 70, tairi zinapita juu yake, katikati nyasi. Mita 60. Hapo ndipo moramu ilikuwa inaisha kila mwaka, na tangu tuweke hatujapagusa. Waendesha boda wanaipenda mistari hiyo kuliko wenye magari.

Nimenunua nyumba juzi. Deni la aliyeniuzia ni langu?

Kwetu hapana. Unaanza na mwaka wako. Ila muulize muuzaji mbele ya mwenyekiti wa mtaa siku ya kuandikishana, maana siku hiyo pesa iko mezani naye ni mpole.

TARURA wakiichukua njia, salio litarudishwa?

Mwaka jana walikuja wapima, wakapulizia namba nyekundu kwenye kuta mbili, wakaondoka. Tangu siku hiyo swali hili naulizwa kila wiki. Kikao kiliamua: wakiichukua, kinachobaki kwenye akaunti kinarudishwa kwa uwiano ule ule wa kuchangia, wa mwanzoni kidogo, wa mwisho zaidi, na kisima kinapata cha kwake. Mpaka leo asubuhi kilichobaki ni shilingi 214,000, na Jumamosi tunanunua mfuniko wa kalavati la kona.